Nichague programu zipi ili wanafunzi wabuni, wasiishie kubonyeza tu?

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa lugha na sayansi, na ninafundisha watoto wenye umri wa miaka 10 hadi 12. Shule yetu imepokea kompyuta mpakato 20 zilizokwisha kutumika, na mkuu wa shule ameniteua niongoze kamati ndogo ya walimu itakayopendekeza programu za kuwekwa humo. Sharti lake ni moja, nalo ni kwamba kompyuta hizo zitumike kukuza ubunifu katika masomo ya kila siku. Tumepewa mwezi mmoja.

Tatizo langu lilianza siku mwakilishi wa kampuni moja alipokuja kutuonyesha kifurushi cha programu za kujifunzia. Kwa kweli kilivutia. Ndani yake mna mamia ya picha zilizochorwa tayari, mandhari, wahusika, sauti za wanyama, chemshabongo, na kitufe cha akili mnemba kinachomtungia mtoto hadithi nzima baada ya yeye kuandika maneno matatu tu. Tuliwaita wanafunzi 6 wakijaribu. Walikaa saa nzima kwa utulivu na furaha, na wenzangu wakasema papo hapo kwamba hakuna haja ya kutafuta zaidi. Lakini tulipozitazama hadithi zenye picha walizotengeneza, zilifanana kiasi kwamba hatukuweza kusema ipi ni ya nani mpaka tuliposoma majina. Msichana mmoja aliniuliza, "Mwalimu, nikitaka sungura wangu alie, nibonyeze wapi?" Tulitafuta pamoja na mwakilishi mwenyewe. Sungura wa kifurushi kile anaweza kucheka, kuruka na kupunga mkono, lakini hawezi kulia.

Tangu siku hiyo moyo wangu umesita. Mkataba wanaoutaka ni wa miaka 3 na hulipiwa kila mwaka, na kazi za wanafunzi huhifadhiwa kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake za mbali zinazofikiwa kwa mtandao, ilhali intaneti yetu leo ipo, kesho haipo. Mwalimu mwenzangu mmoja amenitajia programu za bure, lakini wengine wanashikilia kwamba kitu cha bure hakiwezi kuwa imara. Baadhi ya kompyuta zetu ni za zamani. Darasa langu kubwa lina wanafunzi 46, mimi mwenyewe sina utaalamu wa kompyuta zaidi ya kuandika nyaraka na kutuma barua pepe, na ninaogopa kuonekana napinga maendeleo kwa sababu ya swali la mtoto mmoja. Je, nitumie vigezo gani, na nianzie wapi?

Mwalimu mwenye mashaka

JIBU

Mwalimu wetu mpendwa,

Usiogope kuegemea swali la mtoto mmoja. Katika saa ile nzima ya majaribio, hilo ndilo tendo la ubunifu lililo wazi kuliko yote uliyonisimulia, kwa sababu msichana huyo alikuwa na hadithi yake kichwani, alijua mhusika wake ana huzuni, na alitafuta njia ya kuionyesha huzuni hiyo akaikosa. Wenzako waliona utulivu na furaha, na hayo si mambo ya kudharau, lakini mtoto hutulia vilevile mbele ya katuni ambayo hakuitengeneza yeye. Wewe uliona jambo zito zaidi, kwamba kazi 6 hazikuweza kutofautishwa bila majina. Kishike kipimo hicho, maana sijui kingine kilicho rahisi na cha haki kuliko hicho: baada ya saa moja ya kutumia programu, je, mwalimu anayewafahamu wanafunzi wake anaweza kutambua kazi ya kila mmoja kabla ya kusoma jina?

Kwa mtazamo wangu, programu za shuleni hutofautiana kwa jambo moja kubwa, yaani ni nani anayeamua kitakachotokea kwenye skrini. Zipo programu za mazoezi, ambazo humpa mtoto swali, hupokea jibu lake na kumwambia amepata au amekosa. Hizo zina nafasi yake, hasa katika hesabu za kuzidisha na katika kutambua herufi, na sikushauri uzikatae zote. Nakuomba tu usikubali ziitwe za ubunifu. Kisha vipo vyombo, ambavyo, kama kalamu au ngoma, havitoi chochote mpaka mtoto mwenyewe aamue. Kifurushi mlichoonyeshwa kimekaa katikati, na ndiyo maana ni kigumu kukihukumu, kwa kuwa kina sura ya chombo ilhali maamuzi makubwa yamekwisha kufanywa na waliokichora. Mtoto anachagua sungura, anachagua mandhari, anachagua sauti, na kuchagua huko kunampa raha ya mtengenezaji bila kumpitisha katika kazi ya kutengeneza.

Waliotangulia walilitafakari jambo hili zamani. Mwaka 1967, Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon walikuwa miongoni mwa waliounda Logo, lugha ya kuandikia programu iliyokusudiwa watoto, ambayo baadaye ilijulikana zaidi kwa kobe wake anayechora mstari kwa kufuata amri za mtoto. Papert alitaka mtoto ndiye aipangie kompyuta la kufanya, wala si kompyuta impangie mtoto. Kwake tumerithi mfano wa nyumba: chombo kizuri cha kujifunzia kiwe na sakafu ya chini, ili anayeanza aingie bila kuhitaji ngazi, na kiwe na dari ya juu, ili anayeendelea asigonge kichwa mapema. Mitchel Resnick, aliyeiendeleza kazi hiyo katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliongeza sharti la tatu, la kuta pana, akimaanisha kwamba watoto wenye mapenzi tofauti waweze kuelekea pande tofauti wakiwa ndani ya chombo kilekile. Ukikipima kifurushi chenu kwa mfano huo, utaona kwamba sakafu yake ni ya chini kweli, na hicho ndicho kilichowafurahisha wenzako. Msichana yule aligusa ukuta wake, na aliugusa ndani ya saa ya kwanza.

Sasa nikuonyeshe jinsi swali lake lingejibiwa kwingine. Kundi la Resnick ndilo lililotoa kwa umma, mwaka 2007, programu iitwayo Scratch, ambayo imekusudiwa hasa watoto wa miaka 8 hadi 16. Mtoto hapangi maneno marefu ya msimbo, yaani maandishi ya amri za kompyuta, ila hupachika vipande vya amri kimoja juu ya kingine, navyo vinamwendesha mhusika aliyemchagua au, na hili ndilo muhimu kwetu, mhusika aliyemchora mwenyewe. Kila mhusika ana mavazi, yaani picha zake mbalimbali. Msichana wako angefungua sehemu ya kuchora, akanakili vazi la sungura, akachora machozi kwenye nakala, kisha akaweka amri ya kubadilisha vazi pale fisi anapomnyang'anya sungura chakula. Angeweza pia kujirekodi akilia kwa kwikwi na kuiambatisha sauti hiyo. Kazi hiyo ingemchukua muda mrefu kuliko kubonyeza kitufe, pengine kipindi kizima, na katika kipindi hicho angekuwa amewaza mpangilio wa matukio, sababu na matokeo, na wakati hasa ambapo huzuni inaingia katika hadithi. Nawe ni mwalimu wa lugha, unajua thamani ya kuwaza hayo. Scratch ni ya bure, ina toleo la kupakua linalofanya kazi bila intaneti, haimlazimishi mtoto kufungua akaunti ili atengeneze kitu, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake.

Sisemi kwamba Scratch inatosha kwa kila somo. Ninachopendekeza ni kwamba kamati yako ichague vyombo vichache sana, vitatu au vinne, kila kimoja cha aina yake ya kazi, kisha walimu na wanafunzi wavizoee mpaka waache kuviwazia. Kwa sauti ipo Audacity, ambayo humwezesha mtoto kurekodi, kukata na kupanga sauti. Ninaipenda kuliko nyingi kwa sababu kundi zima linaweza kutengeneza mchezo wa redio kwa kompyuta moja na maikrofoni moja, na kwa sababu mtoto anayeona haya kuandika mara nyingi hana haya kusimulia. Kwa kuchora ipo Tux Paint, iliyoanza mwaka 2002 na ambayo watoto wadogo huielewa haraka, na kwa wakubwa ipo Inkscape. Kwa maandishi, majedwali na vijarida, LibreOffice inatosha kabisa. Darasa lililozoea vyombo vitatu litabuni mengi kuliko darasa lililotembezwa kwenye programu 30, likijifunza kila wiki tena mahali pa kubonyeza.

Kuhusu hofu ya wenzako kwamba kitu cha bure hakiwezi kuwa imara, waeleze kwamba kuna bure za aina mbili. Aina moja ni ya kampuni inayokupa kionjo leo ili ikutoze kesho, au inayojilipa kwa matangazo na taarifa za watoto, na hiyo wana haki ya kuitilia shaka. Aina nyingine ni programu za chanzo huria, ambazo msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuzitumia, kuzinakili na kuziboresha. Programu zote nilizozitaja kwa majina hapa ni za aina hii ya pili. Kwa shule, maana yake ni kwamba unaweza kuzisambaza kwa kijiti cha USB kwenye kompyuta zote 20, na mwanafunzi mwenye kompyuta nyumbani akapewa nakala ileile bila mtu yeyote kuvunja sheria.

Kabla ya kuandika jina la programu yoyote kwenye ripoti yako, waombe walimu wa kamati waandike somo. Namaanisha somo hasa, la wiki fulani, lenye mada iliyo katika mtaala, na kando yake waandike kitu ambacho mtoto atakuwa amekitengeneza mwishoni. Katika sayansi, kwa mfano, badala ya kujibu maswali 10 kuhusu mzunguko wa maji, wanafunzi wawili wanaweza kutengeneza picha jongevu inayolifuata tone moja kutoka baharini hadi mawinguni na kurudi. Pale ambapo hawajaelewa, tone litakwama, na utaona kwa macho yako mahali ufahamu wao ulipokatikia. Kutokana na kitu hicho ndipo utajua unahitaji chombo gani. Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu kuna ushahidi wa kile kinachotokea kompyuta zinapotangulia na ufundishaji ukaachwa vilevile. Nchini Peru serikali ilisambaza mamia ya maelfu ya kompyuta mpakato kwa watoto chini ya mpango wa One Laptop per Child, na utafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika uliotolewa mwaka 2012, uliofanywa katika shule 319 za msingi za vijijini, haukuona dalili ya kupanda kwa alama za hisabati wala za lugha. Watafiti waliona maendeleo kiasi katika uwezo wa jumla wa kufikiri, na hilo tusilifiche, lakini kompyuta peke yake haikubadilisha somo. Wa kulibadilisha ni wewe na wenzako.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi katika mkataba mliopewa ni kazi za watoto kukaa kwenye seva za kampuni. Muulize mwakilishi, kwa maandishi, mambo mawili: mtoto anaweza kuitoa kazi yake katika faili linalofunguka kwa programu nyingine, na mkataba ukiisha kazi hizo zitakwenda wapi? Asipojibu waziwazi, hilo nalo ni jibu. Hata programu iliyoenea dunia nzima huweza kufa. Kwa miaka mingi michezo na masomo mengi ya watoto yalijengwa juu ya Flash ya kampuni ya Adobe. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia, na siku chache baadaye ikayazuia yasifunguke ndani yake, hivyo shule zilizoitegemea zilibaki na masomo yasiyofunguka. Kwa hiyo pendelea programu zinazotoa kazi katika miundo ya kawaida, kama PNG kwa picha, WAV au MP3 kwa sauti, na PDF kwa maandishi. Na wafundishe watoto mapema tofauti kati ya faili la mradi, ambalo programu husika ndiyo inayoweza kulifungua, na nakala ya mwisho inayofunguka popote. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikifundisha tuliwahi kupoteza simulizi za sauti za muhula mzima kwa sababu tulikuwa tumehifadhi mafaili ya miradi peke yake, na sijazisahau nyuso za watoto wale siku wazazi walipokuja kusikiliza.

Seva hizo zina upande mwingine, nao ni taarifa za watoto. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1998 inadai idhini ya mzazi kabla ya huduma za mtandaoni kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13, na Umoja wa Ulaya una masharti yake yaliyoanza kutumika mwaka 2018. Popote ulipo, kanuni ya busara ni ileile: programu inayodai jina kamili, picha au barua pepe ya mtoto ili amchore sungura inadai isichokihitaji. Programu inayofanya kazi ndani ya kompyuta bila akaunti hukuondolea mzigo huo pamoja na ule wa intaneti inayokatika.

Kitufe cha kutunga hadithi nakishauri kisiwepo mbele ya watoto wa umri huo wakati wa kubuni. Akili mnemba inaweza kukusaidia wewe katika maandalizi, na pengine siku moja mkaisoma hadithi iliyotungwa na mashine darasani ili watoto waseme imepungukiwa na nini. Lakini mtoto wa miaka 10 bado anajenga misuli ya kutunga, na misuli hiyo hujengwa na zile dakika za kukwama, za kufuta na kuanza upya, ambazo kitufe hicho kinaahidi kumwondolea.

Kompyuta za zamani zisikukatishe tamaa, ila zinadai uangalifu. Kama zinatumia Windows 10, fahamu kwamba Microsoft iliacha kuutolea mfumo huo huduma za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Fundi anaweza kuziwekea mfumo wa Linux, ambao ni wa bure na ambamo Audacity, Tux Paint, Inkscape na LibreOffice hufanya kazi vizuri. Ajaribu kwanza kwenye kompyuta moja, iliyo dhaifu kuliko zote, pamoja na kila programu mnayoikusudia, kabla ya kugusa zile 19. Programu ikikwama kwenye mashine hiyo dhaifu, iondoeni kwenye orodha, hata iwe nzuri namna gani, kwa sababu mtoto atakayeketi mbele ya mashine hiyo naye ni mwanafunzi wako.

Wanafunzi 46 kwa kompyuta 20 si balaa. Waweke wawili wawili au watatu watatu, mmoja akishika kipanya na kibodi, wengine wakisoma mpango na kuuliza maswali, na wabadilishane kila baada ya dakika 10 kwa saa ya ukutani, kwani bila saa mwenye kujiamini hatakiachia kipanya. Mpango wa hadithi uchorwe kwanza kwenye karatasi. Kundi lisilo na mpango lisiwashe kompyuta. Utaalamu wako mdogo wa kompyuta nao usikusumbue kupita kiasi. Tenga majuma mawili ya jioni, wewe na wenzako mtengeneze kila mmoja hadithi yake fupi kwa chombo mtakachokichagua, na mkwame mkiwa pamoja. Mwalimu aliyewahi kukwama hutambua haraka mahali mtoto alipokwama.

Kuhusu pa kuanzia, rudieni jaribio kabla ya mwezi kwisha, safari hii kwa vyombo viwili. Chagueni wanafunzi 6, wakiwemo asiyewahi kugusa kompyuta na yule anayemaliza kila kazi kabla ya wenzake, muwape agizo moja la kutengeneza hadithi fupi ambayo mhusika wake anabadilika hisia. Siku ya kwanza watumie kifurushi cha kampuni, na siku ya pili na ya tatu watumie Scratch, kwa kuwa chombo kisicho na majibu tayari kinahitaji muda zaidi na ni haki kukipa muda huo. Kisha funikeni majina kwenye kazi zote 12, mziweke mbele ya kamati nzima na mkuu wa shule, na kila mwalimu ajaribu kusema ipi ni ya nani. Yule msichana awe mmoja wa hao 6, apate kuimalizia hadithi ya sungura wake.

Mshauri wako